Nimetumia apu ya kuhesabu umri zaidi ya mwaka, ndiyo iliyotusaidia kujua Bibi kazaliwa lini

Naandika hii rivyu kwa sababu naona watu wengi wanauliza kama hizi apu za kuhesabu umri zina maana yoyote au ni za kumalizia bando tu. Mi nimeitumia moja toka Septemba 2024 mpaka leo na jibu langu ni kwamba zina maana kubwa sana, ila inategemea unaipelekea nini. Jina lake sitalitaja maana zipo kibao Google Play zinafanana kama mapacha, ukitafuta kikokotoo cha umri zinamiminika tu, na mengi nitakayosema hapa utayakuta kwenye nyingi kati yao.

Yenyewe ni nyepesi, haichukui nafasi kwenye simu na ukishaipakua inafanya kazi hata huna bando. Unaweka tarehe ya kuzaliwa inakupa umri wako kwa miaka, miezi, wiki, siku, mpaka sekunde unaziona zinakimbia pale pale. Inakwambia ulizaliwa siku gani ya wiki, besdei ijayo imebaki siku ngapi, nyota yako, nani maarufu mnachangia tarehe, na nini kilitokea siku hiyo duniani.

Mi niliipakua kwa ajili ya mtoto wa dada. Dada alijifungua 2 Septemba 2024, na kama mnavyojua chanjo za mtoto zinaenda kwa wiki, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, sasa mtaani tumezoea kusema mwezi na nusu, miezi miwili na nusu, miezi mitatu na nusu, ukihesabu hivyo kichwani unajikuta umekosea siku tatu nne mwanzoni, na huko mbele inafika wiki nzima. Nikaweka tarehe ya mtoto na kosa la kwanza likatokea hapo hapo, niliandika 02/09 kama tunavyoandika sote, apu ikasoma kwa mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza halafu siku, yaani mtoto ana siku tatu amelala kwenye khanga, simu inaniambia ana miezi sita na ushei. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ukipakua, ingia kwenye mipangilio ubadili iwe siku, mwezi, mwaka. Hili linaudhi kwa kweli maana mtu aliyezaliwa tarehe 2 mwezi wa 9 hawezi kujua kirahisi kwamba amesomwa vibaya, afadhali aliyezaliwa tarehe 20, huyo apu itamkatalia kwa sababu hakuna mwezi wa 20.

Nilivyorekebisha ikanipa: wiki ya 6 ni 14 Oktoba, wiki ya 10 ni 11 Novemba, wiki ya 14 ni 9 Desemba. Nikamsomea dada, akanyamaza kidogo, akasema si siku ya Nyerere hiyo? Na ile ya mwisho si siku ya Uhuru? Kweli bwana, mbili kati ya tatu zimeangukia sikukuu na nyumba nzima hakuna aliyekuwa ameliona. Tukampigia nesi akatuambia tuje kesho yake asubuhi. Baadaye nikakaa nikahesabu, kutoka 14 Oktoba mpaka 9 Desemba ni siku 56 kamili, wiki nane bila kubaki kitu, ndo maana Nyerere Day na Uhuru huwa zinaangukia siku moja ya wiki kila mwaka, ya kwanza ikiwa Jumatatu na ya pili ni Jumatatu. Umri huu wote sikuwahi kuligundua. Lakini oneni, apu yenyewe haikusema neno, haijui sikukuu zetu hata moja, ina Thanksgiving na Halloween, haina Nanenane, Mapinduzi wala Iddi.

Hapo kwenye kuhesabu kavu ipo vizuri sana na sina lawama. Baba yangu mdogo ni mtumishi wa serikali na alizaliwa 29 Februari 1968, mtu wa mwaka mrefu. Kwenye utumishi wa umma hapa Tanzania kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60, yeye ana hesabu zake za kiinua mgongo na nyumba anayotaka kuimalizia, kwa hiyo anataka kujua siku zilizobaki, hataki kusikia kama miaka miwili hivi. Apu ikampa siku yake, 29 Februari 2028, na 2028 ni mwaka mrefu kwa hiyo tarehe yake itakuwepo, itakuwa Jumanne. Alafu ikamwongezea kwamba hiyo ndo itakuwa mara ya 15 tu kuiona tarehe yake halisi toka azaliwe. Alifurahi, akaenda kumwambia kila mtu kazini kwamba anastaafu ana miaka 15. Kitu kimoja tu, hii ya kwangu miaka ya kawaida inamwekea besdei 28 Februari, apu nyingine niliyojaribu inamwekea 1 Machi, kwa hiyo msigombane, ni uamuzi wa aliyeitengeneza.

Na mi mwenyewe nilizaliwa 20 Mei 1993. Ikaniambia nilifikisha siku 10,000 tarehe 5 Oktoba 2020, nikasikitika maana ilipita bila mimi kujua, sikumbuki hata siku hiyo nilikula nini. Ila ikanionyesha kingine kilichokuwa bado, sekunde bilioni moja, ambazo ni kama miaka 31 na miezi minane hivi. Mama anakumbuka saa, alinizaa saa mbili usiku baada ya tangazo la habari, kwa hiyo nikaweka na saa, ikatoka 26 Januari 2025, Jumapili, saa tatu na dakika 46 usiku. Siku hiyo nilikaa barazani na simu mkononi naangalia namba zinapanda, tisa zote zile zikageuka sifuri kwa mpigo, mama akapiga kigelegele ndani. Najua ni namba tu ila nilisisimka, mtu huoni kila siku maisha yako yakigeuza namba kubwa hivyo.

Sasa hapo kwenye saa kuna jambo watu wa Pwani lazima walijue. Apu inasema nilizaliwa Alhamisi. Bibi yangu anakataa kabisa, anasema mimi ni mtoto wa Ijumaa, kwa sababu jua lilikuwa limeshazama, na kwetu jua likizama siku imeshaingia nyingine, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Wote wako sawa. Apu inageuza siku saa sita usiku, Bibi anageuza magharibi. Kwa hiyo ukimuuliza mzee akakwambia fulani kazaliwa usiku wa Jumatatu, usikimbilie kuandika Jumatatu, muulize kwanza anamaanisha usiku upi. Na ukiweka saa kumbuka yao inaanza kuhesabu usiku wa manane na yetu inaanza na jua, saa mbili usiku unaandika 20:00.

Hata majina ya siku yana hadithi ambayo apu haiigusi. Jumamosi ni mosi, ya kwanza, Jumapili ya pili, unaenda hivyo mpaka Jumatano ya tano, alafu inakuja Alhamisi ambayo nayo kwa Kiarabu ni ya tano, kwa sababu Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Yaani wiki yetu ina tano mbili zimefuatana. Mi hiyo ndo ningependa kuisoma kwenye ukurasa wa mambo ya kuvutia, badala yake naambiwa Alhamisi ni siku ya nne ya wiki, basi.

Kwenye nyota sina mengi. Ipo Nge, Mizani, Mashuke, Ndoo, zote, na toka enzi za marehemu mnajimu Sheikh Yahya Hussein wabongo wengi nyota zao wanazijua, anayependa ataburudika. Watu maarufu ni wacheza filamu wa Hollywood na wachezaji wa besiboli, unashuka chini, unashuka, humwoni mtu wa kwenu. Nilijaribu kuweka tarehe za Mwalimu Nyerere nione, kuzaliwa 13 Aprili 1922, kufariki 14 Oktoba 1999. Ikaleta miaka 77, miezi 6 na siku 1. Ila kilichonishika ni pale chini, alizaliwa Alhamisi na akafariki Alhamisi, siku 28,308, ambazo ni wiki 4,044 kamili. Na jina lake la Kambarage alipewa kwa mzimu wa mvua wa Wazanaki kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilinyesha. Yaani wazee walikuwa wanaandika siku ndani ya mtu, Wajaluo wana Okoth wa mvua na Otieno wa usiku, sisi Pwani tuna Juma, Khamisi, Ramadhani, Shabani, Idi, Masika. Jina ni cheti.

Na hilo la jina ndo linanileta kwa Bibi, ambaye ndo sababu kubwa ya kuandika yote haya.

Bibi yupo Pangani. Kwenye kadi yake imeandikwa kazaliwa 1 Januari 1950. Nani asiyejua hizo tarehe, ukiona mzee kazaliwa 1 Januari au 1 Julai ujue aliulizwa akasema sijui, na karani akaweka anayoona inafaa. Na kwa mpangilio wa namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa ndo inaanza mbele, kwa hiyo hiyo 19500101 ameibeba mpaka kwenye namba. Mwenyewe siku zote anasema hiyo siyo, mimi mkubwa kuliko hapo, ila hakuna aliyemsikiliza kwa makini, tukiamini ni mambo ya wazee.

Siku moja nilikuwa namchezea simu, nikamwambia Bibi nikupigie hesabu? Akasema piga. Nikamwambia sina tarehe. Akanijibu, mwana we, tarehe sina lakini siku ninayo. Ikabidi nikae chini nimsikilize. Akaniambia mamake alimsimulia kwamba alizaliwa alfajiri ya Iddi ya kuchinja, watu wanaoga kwenda kuswali, na mwaka huo Iddi ilikutana na Ijumaa, Iddi mbili siku moja, ndo maana jina lake lina Juma ndani yake. Na babake hakuwepo, alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la mkoloni Mwingereza, alichukuliwa vitani Burma, habari zilikuwa zimeshafika kwamba vita imekwisha lakini wenyewe walikuwa hawajarudi.

Nilihisi nywele zinanisimama. Hayo ni mambo manne, Iddi kubwa, Ijumaa, alfajiri, na vita imekwisha. Vita ya pili iliisha Septemba 1945. Iddi ya kuchinja ni tarehe 10 ya Mfungo Tatu, yaani Dhulhija, na kuna kurasa za mtandaoni zinageuza tarehe za Kiislamu kuwa za kawaida, zinaweza kupishana siku moja mbele au nyuma kwa sababu ya mwandamo, ila kwa kazi hii zinatosha. Nikachukua daftari, nikatafuta Iddi za miaka mitatu nikawa naziingiza moja moja kwenye apu nione siku ya wiki. 1944 inazunguka 26 Novemba, hiyo ni Jumapili, na hata ukisogeza siku moja huku au huku huipati Ijumaa, alafu vita ilikuwa inaendelea. 1946 inazunguka 4 Novemba, Jumatatu, Ijumaa iko mbali. 1945 inakuja 15 au 16 Novemba. Nikaweka 15, Alhamisi. Nikaweka 16.

Ijumaa.

Nilimtazama Bibi, nikamwambia Bibi, umezaliwa Ijumaa tarehe 16 Novemba 1945. Akasema, si nimewaambia siku zote. Akaendelea kuchambua mchele wake.

Kwa hiyo kadi ilimpunguzia miaka 4, mwezi 1 na siku 16, jumla siku 1,507. Mtu alikuwa na mwaka wa tano duniani, pengine anatumwa dukani, ndo kadi inasema kazaliwa. Na nikisoma matukio ya siku hiyo kwenye apu, kwa mara ya kwanza ikaniletea kitu chenye uzito kwetu, 16 Novemba 1945 huko London ndo siku ilipoasisiwa UNESCO. Hao hao UNESCO ndo mwaka 2021 waliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe ile ile ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Nikamwambia Bibi kuna shirika kubwa la dunia mmezaliwa siku moja na limeiwekea lugha yako sikukuu, akauliza wao walizaliwa saa ngapi.

Basi tukapanga kumfanyia miaka 80, na 16 Novemba 2025 ilikuwa Jumapili, vizuri kabisa kwa watu kusafiri. Tulikusanyika 41 pale uwanjani kwake, pilau, mbuzi, keki tulinunua Tanga mjini. Hapo nikajaribu na ile hesabu nyingine ya kwenye apu inayosema ukikusanya watu 23 tu uwezekano wa wawili kuchangia besdei unazidi nusu, na wakifika 50 ni asilimia 97. Watu walibisha mno, siku zipo 365 bwana, 23 watakutana wapi. Jibu ni kwamba hulinganishi mtu mmoja na wengine, unalinganisha kila mtu na kila mtu, na watu 23 wanatoa jozi 253. Nikapita na daftari kwa watu 41, sikufika hata katikati nikampata mke wa binamu na kijana wa jirani, wote 14 Julai. Walimu wenye madarasa ya wanafunzi 60 au 70 wajaribu kesho, karibu hamtakosa.

Mabaya yake sasa, nisifiche. Matangazo ni mengi, kila ukipiga hesabu mbili linakuja la kujaza skrini, kuyaondoa ni kulipia. Kiswahili chake ni kibovu, imeandika umezaliwa juu ya Ijumaa na mwaka mrefu umeitwa mwaka wa kuruka, mtu hajakaa nayo akaisoma kabla ya kuiachia. Ilitaka ruhusa ya kusoma namba za simu zangu zote, eti inikumbushe besdei za watu, nilikataa na bado inafanya kazi, nanyi kataeni. Na msijaze majina kamili ya familia humo na tarehe zao, tarehe ya kuzaliwa siku hizi ndo unaulizwa ukipiga simu huduma kwa wateja, ni kama ufunguo, andikeni tu Bibi, Mama, Mtoto.

Na kama una mzee nyumbani hana tarehe, usianze na apu. Anza kumuuliza ilikuwa masika au kiangazi, Ramadhani au Mfungo Sita watu wanasoma maulidi, njaa ilikuwepo, nani alikuwa amekufa, nani alikuwa hajaoa, alitanguliwa na nani. Andika kila kitu hata kama unaona hakina maana. Alafu ndo uingie kwenye simu, hapo itakufanyia kazi kwelikweli, kwa sababu kujua 16 Novemba 1945 ilikuwa siku gani kichwani huwezi, yenyewe inakupa kwa kufumba na kufumbua. Fanyeni wakiwa hai.

Natoa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja naeleza kwa nini nimeizuia. Siku ile ya sherehe, watu wamekula, nikamwonyesha Bibi simu, imeandika siku 29,220, wiki 4,174 na siku mbili, nikamwambia na ukijaaliwa tarehe 5 Januari 2028 unafikisha siku 30,000. Akaangalia kwa heshima tu. Alafu akaniuliza, Ramadhani ngapi nimefunga hapo? Nikatafuta kwenye apu yote, hamna, haina mwaka wa Kiislamu kabisa. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, unapungua kama siku 11 kwa huu wa kawaida, kila miaka 33 hivi unazidi mmoja, kwa hiyo jibu siyo 80. Nikachukua kalamu nikahesabu pale pale kwenye kisanduku cha keki, toka Ramadhani ya mwaka 1365 wa Kiislamu aliyokuwa mchanga wa miezi mpaka ya 1446 iliyopita, nikamwambia zimekupitia 82 Bibi, toa zile za utotoni. Akatoa za utotoni mwenyewe, akatoa na za uzazi, alikuwa anajua kila mtoto alimkuta mwezi gani na alilipa lini, akamaliza akasema, hiyo ndo niandikie, hizo sekunde kaa nazo wewe.